Maswali ya Jumanne Mbele ya Baba Mkwe

Siipendi sauti ya yule muuguzi. Nalisema mapema ili anayesoma asije akadhani nimesahau au nimesamehe. Ni sauti nzuri, tamu hata, ya mtu aliyezaliwa ndani ya Kiswahili. Kila Jumanne saa mbili na nusu asubuhi ilitoka kwenye simu yangu ikajaa uani kwetu, huku Manga mlimani, utadhani imenunua shamba.

Baba mkwe wangu ana ugonjwa wa sukari, na juu ya sukari ana presha. Kwa miaka mingi alikuwa akiteremka mlima kwa bodaboda mara moja kwa mwezi kwenda kliniki, anakaa kwenye benchi tangu asubuhi hadi mchana, daktari anamtazama dakika tatu, anarudi na vidonge vilevile. Mvua ikinyesha hateremki. Mvua ya hapa ikianza haina haraka, kwa hiyo kulikuwa na miezi mizima ambayo mzee alikaa bila dawa na bila kumwambia mtu.

Ndipo mume wangu, anayefanya kazi Nairobi, akasikia habari za mpango wa kutibu watu kwa simu. Akamwandikisha baba yake bila kumuuliza baba yake, na akaniandikisha mimi kuwa mtunzaji bila kuniuliza mimi. Nilijua siku ujumbe ulipoingia kwenye simu yangu ukinipongeza. Nilikuwa katikati ya majani chai, kikapu mgongoni. Nikasoma mara mbili kisha nikatukana kwa sauti, na jirani aliyekuwa akichuma upande wa pili akadhani nimeumwa na nyoka.

Wote walikubaliana kwamba nafasi ninayo. Nilikuwa mwalimu wa Kiswahili katika shule ya kibinafsi iliyofungwa wakati wa korona isifunguliwe tena, na machoni pa ukoo wa mume wangu mwalimu asiye na shule ni mtu anayepumzika. Kuchuma chai, kuibeba hadi kituo cha kupimia, kukama, kupika kwa nyumba mbili, hayo hayahesabiwi. Isitoshe, simu ya kisasa pale bomani ilikuwa moja tu, nayo ni yangu.

Wakatuletea kipima sukari na mashine ya presha. Kila asubuhi kabla ya chai mzee alijitoboa kidole, namba ikatokea, mimi nikaituma kwa ujumbe. Kila Jumanne muuguzi alipiga simu ya video, akatazama namba za wiki nzima, akauliza maswali, akasema ongeza hiki, punguza kile. Dawa zililetwa hadi zahanati ya karibu. Nitakuwa mwongo nikisema hakukuwa na faida. Katika miezi minne ya kwanza sukari yake ilishuka kuliko nilivyowahi kuiona tangu niolewe, presha ikatulia, na mzee akaanza tena kwenda kukagua migomba yake ya mbali kwa miguu. Kanisani waliniita mbele nitoe ushuhuda. Nilikataa, nikasema nina mafua.

Sasa kuna jambo ambalo waliotunga mpango huo hawakulijua, nami sikujua namna ya kuwaambia. Kwetu Gusii kuna heshima inayoitwa ensoni. Wengine huitafsiri kuwa haya au aibu, lakini haya ni ya mtu mmoja na ensoni ni ya watu wawili: baba na mwanawe, mkwe na mke wa mwanawe. Baba mkwe wangu hajawahi kukanyaga ndani ya nyumba yangu, na sijawahi kukaribia chumba anacholala. Tukikutana njiani mmoja wetu hupisha. Tunaongea sana, usidhani ni uadui. Tunaongea juu ya ng'ombe, mbolea, wanasiasa, mahubiri ya Sabato. Lakini mwili haupo. Mimi sina mwili mbele yake, naye hana mwili mbele yangu. Hata kile kidole alikitoboa mwenyewe, mimi nimeketi kizingitini nikitazama nje, kisha ananisomea namba.

Na sheria ya mpango ilisema mtunzaji awepo wakati wa maswali.

Jumanne ya kwanza nilimshikia simu kwa kunyoosha mkono, uso nimeugeuza kwenye zizi. Masikio ya mzee yamechoka, kwa hiyo sauti ilikuwa juu kabisa.

"Shikamoo babu. Umeamkaje?"

"Marahaba. Mimi iko sawa."

"Vizuri sana. Babu, usiku unaamka kwenda haja ndogo mara ngapi?"

Kuku alikuwa anapita. Nilimtazama kuku yule mpaka leo naweza kumtambua.

"Haja ndogo, babu. Mara ngapi?"

"Hiyo hakuna," akasema baba mkwe.

"Hakuna kabisa? Haya. Na sehemu za siri, kuna muwasho? Kuna jipu, kidonda, mahali pamevimba?"

"Hakuna."

"Na mambo ya ndoa, babu, nguvu zipo?"

Mama mkwe amelala chini ya udongo miaka tisa sasa. Muuguzi akaniambia mimi, kwa upole uleule, "Mama mtunzaji, unathibitisha kwamba hana tatizo lolote?" Nikasema nathibitisha. Ningethibitisha kwamba mzee ni askofu ili ile simu ikatike. Tulikaa siku mbili bila kuongea, mimi na mzee, hata habari za ng'ombe.

Jumanne iliyofuata akauliza tena yote, neno kwa neno. Maswali yalikuwa yameandikwa mbele yake naye aliyasoma kama mtoto anayekariri. Mzee alikuwa amejifunza. Alianza kusema "hakuna" kabla swali halijaisha.

Nilimpigia mume wangu. Nikamwambia, muulize baba yako maswali haya wewe, kisha umpelekee muuguzi majibu. "Mimi nimuulize baba mambo hayo?" akasema. "Wewe ndiye mtunzaji." Yaani yeye aliyetoka kwenye mwili wa mzee anaogopa, ila mimi niliyekuja na begi kutoka kwetu Ogembo ndiye wa kuuliza. Nilimkatia simu, na nilipompigia tena nilikuwa na maneno ambayo siyaandiki.

Nikajaribu kwa muuguzi. Nikamweleza taratibu, nikiwa nimejitenga kwenye migomba, kwamba kuna maswali ambayo mzee hawezi kuyajibu nikiwa hapo. "Mama, si uzoee tu? Ni afya," akasema. Nikamwambia basi, yupo jirani yetu ng'ambo ya kijito, rika lake mzee, aliyetahiriwa naye msimu mmoja. Hao hawafichani kitu. Huyo ashike simu. Akauliza kama jirani anaishi katika boma letu. Hapana. Anajua kusoma? Hapana. "Basi mfumo hautamkubali," akasema. Nikauliza kama naweza kuiegemeza simu kwenye kopo la majani chai niondoke. Tukajaribu. Mzee aliishika simu aisogeze karibu na sikio, kidole gumba kikagusa kioo, simu ikakatika, tukaandikiwa kwamba tumekosa miadi. Ukikosa tatu unaondolewa.

Kilichoniudhi zaidi ni Sabato. Mwanzoni walitaka kutupigia Jumamosi, mzee akaagiza nizime simu, na hilo walilielewa mara moja. Walitupa Jumanne na kutuomba radhi, kwa sababu fomu yao ina mahali pa kuandika dini. Mahali pa kuandika ensoni hapakuwepo, basi ensoni haikuwepo.

Mwezi wa tano namba zikaanza kupanda. Kumi na moja, kumi na nne, kumi na saba. Muuguzi akaongeza dawa. Namba zikapanda tena. Jumanne moja akaniuliza, kwa sauti ya juu, mzee akisikia, "Mama, unampa nini kula? Unampa ndizi mbivu? Unamtilia sukari kwenye chai? Tuambiane ukweli." Miezi mitano nilikuwa nampimia mzee yule ugali kwa bakuli, nampikia mboga za asili na wimbi, najinyima kuandaa mandazi nyumbani kwangu ili harufu isimfikie. Nikaonywa kama mtoto wa darasa la pili, mbele ya baba mkwe. Naye hakunitetea. Alitazama majani chai yake.

Nilikasirika hadi nikaikasirikia hasira yenyewe. Nikaanza kumchunguza mzee, si kwa wema. Nilitaka kumkamata na ndizi mbivu. Niliamini anakula kwa jirani yake ng'ambo ya kijito, halafu lawama yangu.

Sikukuta ndizi. Niligundua kwamba amebadilisha namna ya kukaa. Alikalia ubavu mmoja wa kiti, mguu mmoja ameunyoosha, na chai alikuwa akinywa amesimama, ameegemea nguzo. Nilipouliza akasema ni mgongo. Kisha nikaona suruali mbili zimeanikwa nyuma ya zizi, mahali ambapo hatuaniki nguo. Baba mkwe wangu hajawahi kuosha hata kikombe. Nguo zake nilikuwa nampa mama mmoja wa pale chini anifulie, na wiki hiyo mama huyo alisema mzee hakutoa suruali. Nilizisogelea. Alikuwa amezifua vibaya, bila sabuni ya kutosha, na kwenye makalio ya suruali palikuwa na doa la usaha lililokataa kutoka. Harufu nilikuwa nimeshaisikia siku kadhaa, nikadhani ni panya aliyekufia darini.

Nilijua siku hiyo. Ilikuwa Jumatatu, na Jumanne nikashika simu, nikageuza uso.

"Jipu, kidonda, mahali pamevimba?"

"Hakuna."

"Mama, unathibitisha?"

"Nathibitisha."

Hapa ndipo watu huniambia nilikuwa nimefungwa na mila. Wakwe zangu walisema hivyo hospitalini, na mchungaji akasema hivyo, tena kwa huruma. Niliwaacha waseme kwa sababu ni maelezo ya heshima. Ukweli ni kwamba ensoni ilikuwa nusu tu. Nusu nyingine ilikuwa kisirani changu. Nilitaka wajionee wenyewe. Nilitaka muuguzi yule na sauti yake ya asali agundue kwamba hakukuwa na ndizi yoyote. Nilitaka mume wangu apigiwe simu kazini. Nilitaka hata mzee, aliyenyamaza nikitukanwa, aketi juu ya hicho kidonda mpaka aseme mwenyewe. Nilikaa hivyo siku nane. Nikachuma chai, nikakama, nikapika, na kila asubuhi nikatuma namba. Kumi na tisa. Ishirini na mbili. Siku ya saba mashine haikutoa namba, iliandika tu kwamba imezidi kipimo.

Siku ya nane, Jumanne, alitoka nyumbani kwake akishikilia ukuta. Macho yalikuwa mekundu na midomo imekauka, naye jua likiwa limewaka alikuwa amevaa koti zito na anatetemeka. Akafika kwenye kiti, akakitazama, akabaki amesimama.

Muuguzi alianza. Shikamoo babu, umeamkaje. Mimi iko sawa. Nilikuwa natazama zizi kama kawaida, na nilisikia meno ya mzee yakigongana katikati ya neno "sawa".

"Sehemu za siri, babu, kuna jipu, kidonda?"

"Hakuna."

"Mama, unathibitisha?"

Nikageuka. Nilimtazama baba mkwe wangu usoni na nikasema kwa Kiswahili changu cha darasani, sauti juu, ili asipate nafasi ya kusema hakusikia: "Sithibitishi. Ana kidonda huko chini, mahali unapopauliza. Kinatoa usaha. Anafua suruali zake mwenyewe na kuzificha nyuma ya zizi. Amekuwa nacho zaidi ya wiki, na mimi nilijua."

Hakunifokea. Ningependa kusema alinifokea. Alinitazama jinsi mtu anavyomtazama mgeni aliyefungua mlango wa bafu, akashika ukuta, akarudi ndani kwake, na nikasikia komeo.

Muuguzi alikuwa akiniuliza kipo upande gani, kina ukubwa gani, kama naweza kumwelekezea kamera. Nikamwambia ajaribu kumwelekezea kamera baba mkwe wake mwenyewe. Nikaiweka simu mfukoni ikiwa bado inaongea, nikakimbia kuteremka hadi kijitoni na kupanda ng'ambo, kandambili moja ikabaki kwenye matope. Yule mwenzake alikuwa anakata majani ya ng'ombe. Nilimwambia kwa Kigusii, bila salamu. Yeye naye ni baba kwangu kwa heshima, na alipiga hatua moja nyuma niliposema neno lenyewe. Kisha akatupa panga chini, akaenda.

Alibisha mlango akiita jina la utani ambalo sisi wengine haturuhusiwi kulitaja. Mlango ukafunguliwa. Alikaa ndani muda mfupi tu. Alipotoka alikuwa amejifunika pua kwa kofia yake, na hakunitazama.

"Tafuta gari," akasema. "Pikipiki hapana. Huyo hawezi kukaa."

Gari la jirani mwingine lilikuwa limebeba ndizi za soko. Tukazishusha kando ya njia tukamlaza mzee kifudifudi kwenye godoro, rika lake amemshika kichwa, na mimi nikaketi mbele na dereva kwa sababu nyuma sikuruhusiwa kuwa. Hospitalini mjini Kisii walimpasua jioni ileile. Daktari alisema sukari ililisha jipu na jipu likapandisha sukari, na kwamba nyama nyingi ilikuwa imeoza, na kwamba kesho yake pengine asingepasua mtu bali angesaini karatasi ya kifo. Akaniuliza kama mgonjwa hana mtu wa kumwangalia nyumbani. Nikasema anaye.

Alilala huko wiki tano. Mume wangu alikuja, akalia, akanishukuru mbele ya watu, nami nikamtazama mpaka akaacha.

Mzee yu hai. Sukari yake sasa ni saba, nane. Mume wangu alileta simu nyingine, na mfumo uliokataa mtu asiyejua kusoma ukamkubali rika lake bila fujo mara tu daktari alipoandika barua. Jumanne rika lake huvuka kijito, wanaketi chini ya paa la zizi, na sauti ya muuguzi inauliza yote. Nawasikia kutoka jikoni. Mzee anajibu kila kitu, haja ndogo mara ngapi, kovu linawasha au haliwashi, na lile swali la ndoa wanalijibu wote wawili pamoja kwa vicheko, muuguzi naye anacheka hadi anashindwa kusoma linalofuata.

Kwangu hasemi neno. Tangu aliporudi hajaniita. Chakula anakula, ila nakiweka mezani barazani kwake naye huja nikishaondoka. Njia ya kwenda kwenye migomba ilikuwa ikipita mbele ya mlango wangu, sasa amekata nyingine kwenye majani chai, akang'oa miche mitano ili apate pa kupita. Nikimsalimu, anatazama mbali mpaka nimalize. Nilimtuma rika lake kuniombea radhi, nikamwambia niko tayari kwa chochote wazee watakachosema, hata mbuzi. Alirudi siku hiyohiyo, amenyong'onyea.

"Amesema hakuna kosa," akaniambia.

Nilielewa. Kosa likiwepo, lina radhi yake.

Wiki iliyopita muuguzi alinipigia mimi, peke yangu. Alikuwa anarekebisha kumbukumbu zao, kwa sababu jina langu bado lilikuwa kwenye faili na mfumo hauruhusu watunzaji wawili. Alitaka kuniondoa, lakini lazima aweke sababu, na sababu amepangiwa. Akanisomea kwa ile sauti yake: mtunzaji amehama, mtunzaji ni mgonjwa, mtunzaji amefariki.

"Niweke ipi, mama?"

"Weka amefariki," nikasema.

Nilidhani hatimaye atauliza swali ambalo halikuandikwa. Kisha akasema mfumo unahitaji tarehe, nami nikamtajia ile Jumanne.